Bustani Ipo, Watoto Hawaioni: Wito wa Harambee ya Madirisha

Wazazi, walezi, wahitimu wetu na marafiki wote wa shule,

Tunaona haya kubisha hodi tena wakati jasho la harambee iliyopita halijakauka. Hamkutuangusha. Paa liliezekwa, na mkatoa nguvu zenu kuotesha bustani nyuma ya madarasa manane. Vichaka mlivyopanda sasa vinamfika mtu mzima kifuani, vipepeo wamejaa na ndege wanajenga humo. Lakini mtoto aliyeketi darasani, mita sita kutoka kwenye bustani hiyo, haoni hata jani moja.

Tatizo ni vipimo. Kizingiti cha dirisha kiko mita 1.5 kutoka sakafuni. Jicho la mtoto wa miaka minane akiwa kwenye dawati liko karibu mita 1. Akigeuza kichwa upande ule anakutana na ukuta mtupu, na juu ya ukuta kipande cha anga kinachong'ara hadi anakunja uso. Kwa hiyo anainamisha kichwa. Saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, mtoto huyu yuko ndani ya boksi, na kazi ya mikono yenu imebaki nje kama mgeni aliyefungiwa mlango.

Msidhani ni suala la urembo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala mbele ya dirisha linaloonyesha miti waliruhusiwa mapema na walihitaji kiasi kidogo cha dawa kali za kutuliza maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2016 watafiti Dongying Li na William Sullivan walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 94 wa sekondari huko Illinois: baada ya kazi ngumu ya akili, waliopumzika katika chumba chenye dirisha linalotazama mimea walitulia na kurudisha umakini vizuri zaidi kuliko waliokuwa katika chumba kisicho na dirisha au chenye dirisha linalotazama jengo.

Wapo wanaouliza, na swali ni la haki: je, watoto hawatakaa wakitazama nje badala ya ubao? Wanasaikolojia wa Marekani Rachel na Stephen Kaplan walilieleza jambo hili mwaka 1989. Umakini wa kulazimisha, ule wa kukazia macho hesabu, huchoka kama msuli. Jani linalotikisika huvuta jicho bila kulilazimisha, na katika sekunde hizo chache ule umakini mwingine hupumzika. Mtoto asiye na pa kupumzisha macho huzidi kuchoka. Anaanza kumchokoza jirani yake.

Kazi yenyewe ni kushusha vizingiti. Kila darasa lina madirisha mawili upande wa bustani, jumla 16. Upana haubadiliki, kwa hiyo linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, haiguswi wala ukuta hauhitaji kuegemezwa. Fundi anatoa kozi (safu) tatu za matofali chini ya dirisha, akianzia juu kwa tindo na nyundo, kozi moja baada ya nyingine. Akianzia chini, matofali ya juu yatamwangukia na nyufa zitakimbilia pembeni. Kizingiti kipya kitakuwa kwenye sentimita 85 hivi. Hatushuki zaidi ya hapo, maana mtoto mdogo asipate pa kupandia. Zege la kizingiti literemke kuelekea nje na lichongwe mfereji mwembamba chini ya ukingo, la sivyo mvua itafuata zege na kurudi ukutani, na plasta itabanduka kabla ya mwaka kwisha.

Vioo ndivyo vinavyotutia hofu. Kioo cha kawaida cha milimita 3 kwenye kimo cha bega la mtoto ni kisu kinachosubiri mpira. Tunahitaji kile cha tabaka mbili chenye utando katikati, milimita 6, ambacho kikivunjika vipande hubaki vimeshikana. Ni ghali, na ndicho kitakachomeza sehemu kubwa ya mchango. Atakayetushauri tubane hapo tutamshukuru na kumkatalia. Vinatakiwa vioo 32 vya sentimita 60 kwa 65, grili 16 za kuongezea chini, na mifuko 5 ya saruji ya kilo 50.

Sehemu ya pili ni ndogo: vyungu sita kwa kila darasa, ili watoto wawe na kitu hai cha kushika na kutunza wenyewe. Hapa tuna deni la kuwaeleza. Miche mliyoleta katika makopo mwaka jana ilikufa yote. Makopo hayakuwa na matundu, maji yakatuama, mizizi ikaoza. Tena yalipangwa sakafuni chini ya madirisha yaleyale yaliyo juu mno, mahali ambapo watu hudhani pana mwanga kumbe pana giza. Mwanga wa dirisha lililo juu hupita juu ya kichwa cha kilicho chini yake. Ukitaka kupima, nyoosha kiganja sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe: kivuli kikionekana na kingo zake, mmea utaishi, kikiwa ukungu tu, usiuweke hapo.

Safari hii tunaomba vyungu 48 vya udongo, upana sentimita 20, kila kimoja na tundu. Juu ya tundu kinawekwa kigae kimoja tu. Kokoto zikitandazwa ndani ya chungu, chini ya udongo, hazisaidii. Maji hubaki kwenye udongo ulio juu yake. Udongo ni ndoo 12 za lita 20: sita za udongo wa juu, tatu za mboji iliyoiva, tatu za mchanga. Mboji mbichi inanuka na kuleta vijinzi. Visahani vijazwe mchanga, visiachwe na maji wazi yakawa nyumba ya mbu. Chungu kilicholoa kina kilo 7 hivi, kwa hiyo vitakaa kwenye benchi imara, si kwenye rafu ya misumari juu ya vichwa vya watoto.

Miche mnaweza kutoa majumbani: mnanaa, mrehani, na ule mmea wa buibui wenye majani ya mistari myeupe unaoning'iniza vitoto. Msilete difenbakia, ule mmea wa mapambo wenye majani mapana ya madoa, utomvu wake huchoma kinywa na kuvimbisha ulimi. Wala mnyaa, maziwa yake ni hatari kwa macho. Na tafadhali asiahidiwe mtu kwamba vyungu hivi vitasafisha hewa ya darasa. Sita ni vichache mno kwa kazi hiyo. Hewa husafishwa kwa kufungua madirisha.

Hesabu ya harambee iliyopita ilichelewa kubandikwa, na lawama hiyo ni ya kamati. Safari hii kila mchango utapewa stakabadhi siku hiyohiyo, na mweka hazina atabandika mapato na matumizi kila Ijumaa kwenye ubao wa matangazo. Asiye na fedha atoe siku moja ya kubeba matofali. Mwashi, mchomeleaji na fundi vioo waliosoma hapa, tunawajua na tunawasubiri. Aliyetoa kwa ajili ya paa Mwenyezi Mungu amzidishie. Aliyeahidi na bado hajatimiza, mlango huu ni wake pia.

Kazi lazima ifanyike likizoni, kwani vumbi la tindo na mapafu ya watoto haviendi pamoja. Fundi anahesabu madirisha mawili kwa siku, yaani siku nane, kisha siku saba za kumwagilia zege kabla ya kufunga grili. Vioo hukatwa kwa oda, kwa hiyo ahadi zimfikie mweka hazina wiki tatu kabla shule haijafungwa. Vyungu na miche vije wiki ya kufungua, watoto wenyewe wakiwepo kuvipokea.