Ami, Raya mwachie abadili kombi

Muscat, Agosti

Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Mimi mwanao sijambo, alhamdulillah, kazi iko na afya iko. Natumai nyote hapo Wete hamjambo: Mama na presha yake, Bi Time na miguu yake, na mtoto wa Asha ambaye mpaka leo sijatumiwa hata picha. Joto la huku usiulize. Wenye nafasi zao wamekwenda Salalah kufuata manyunyu, sisi tumebaki Ruwi.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umetaka fedha za tuisheni ya kemia na bailojia ya mdogo wangu Raya, tena umetaka nimpigie simu nimwambie aache uongozi wa skuli na aache kuchora. Nimeona heri niandike, kwa sababu kwenye simu nikishaisikia sauti yako heshima inanifunga mdomo, na hili nataka niliseme lote.

Raya kapangwa CBG, kombi ya kemia, bailojia na jiografia, kwa ile B ya bailojia ya Form Four. Kwenye kemia alipata D, lakini hiyo D hapo nyumbani haitajwi. Na mimi najua B ile ilipotoka. Unakumbuka ile karatasi ya manila ya moyo? Mwalimu alimpa kazi ya kuchora moyo wa binadamu kwa ajili ya darasa. Akaitandaza ukumbini kwa Mama, akaizuia pembe nne kwa mawe ya kusagia, akalala kifudifudi toka alasiri mpaka magharibi. Wino mwekundu kwa damu inayotoka, wa buluu kwa damu inayorudi, na kila mshipa kauandikia jina lake kwa herufi ndogo zilizonyooka utadhani zimepigwa chapa. Mama akamwekea taa akaendelea. Mwalimu alipoitundika darasani akasema huyu ni daktari, na wewe ukalichukua neno lile ukalileta barazani, na tangu siku hiyo mtoto hajaulizwa tena anataka nini.

Ami, Raya alichokipenda pale ni kuchora. Kitu akishakichora hakimtoki kichwani, ndiyo maana bailojia alifaulu. Kemia ya Form Five haina moyo wa kuchora. Nimeisoma, naijua.

Anachotaka ni kwenda HGK, yaani historia, jiografia na Kiswahili. Tazama vizuri: jiografia iko kwenye kombi zote mbili. Yanayobadilika ni masomo mawili tu, kemia na bailojia zitoke, historia na Kiswahili ziingie. Wameanza Julai, na sasa ndiyo kwanza Agosti, aliyoyakosa atayafukuzia kwa mabuku ya wenzake. Akibaki mpaka mwakani ndipo mambo yatakapokuwa magumu, kwa sababu mtihani wa Form Six wa NECTA hautamsubiri.

Umesema HGK ni kombi ya walioshindwa. Neno hilo limeniuma, na nakuomba usilirudie mbele yake. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za Form Five, ndizo hizi kombi, kutoka 16 zilizokuwapo zikafika 65, na ndani yake zimo za sanaa na za michezo. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeuweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sambamba na mkondo wa jumla. Waliokaa wakaandika hayo hawakuwa wakiwatafutia nafasi walioshindwa. Simwambii Raya ahame skuli akatafute tahasusi ya uchoraji. HGK ipo hapohapo, walimu wapo, na anarudi nyumbani kulala kwa mama yake.

Tena unauliza atakula nini. Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani pale Forodhani Unguja, lilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020, likiwa linakarabatiwa kwa msaada wa Oman hii niliyopo, watu hapa walilia kama waliofiwa. Jumba lile la kujengwa upya, na Mji Mkongwe wote ambao UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2000, vinataka watu wa namna gani? Vinataka mtu anayeijua historia na mwenye mkono wa kuchora nakshi ya mlango ikatoka kama ilivyokuwa. Watu hao ni wachache mno. Raya ana mkono huo, na historia ndiyo anayoiomba.

Na mimi je, Ami? Mimi mlinichagulia PCM, fizikia, kemia na hesabati, nikaisoma bila kunung'unika, na matokeo yake unayajua. Mkono wangu niliufundishia bandarini Wete, nikiandika majina ya madau kwa rangi iliyobaki kwenye makopo ya watu, na nilikuwa nagombezwa kwa hilo. Leo mimi ndiye msimamizi wa wachoraji wote karakanani. Nina watu wa Kerala na Bangladesh chini yangu, na hapana bango linalotoka mlangoni sijalipitisha. Lile bango kubwa la duka la halua njia ya kwenda Seeb, herufi zote, za Kiarabu na za Kiingereza, ni zangu. Usiku linawaka mpaka unaliona kutoka mbali. Nikipita na gari yangu hupunguza mwendo nikalitazama, na nikiwa na mgeni kutoka nyumbani humpitisha hapo kwa makusudi. Bati za nyumba ya Mama zimetoka kwenye herufi zile. Hata simu unayonirikodia ujumbe imetoka humo.

Sasa hili la uongozi. Umesema dada mkuu hasomi, anazunguka na vikao. Sijui nani kakwambia. Nitakusimulia alivyoshinda, kwa sababu nina hakika hakukusimulia yeye, anakuogopa.

Wagombea walikuwa watatu. Mmoja kaka yake ana duka la kuchapisha, akabandika picha zake za rangi skuli nzima. Raya hakuwa na senti. Alinunua manila, akachora ndoo. Ndoo tu, ya bati, na mkono wa msichana umeishika, na chini yake: "Maji vyooni." Hiyo ndiyo ilikuwa sera yake yote. Vyoo vya wanawake vilikuwa havina maji, na wasichana wengine siku zao zikifika hawaji skuli kabisa, wanakosa vipindi wiki nzima. Hilo walimu walikuwa wakilijua na hakuna aliyelisema mstarini. Raya alilisema, mbele ya wavulana, na sauti haikumtetemeka. Mpaka siku ya kura wakawa wanapita koridoni wanaitana "Ndoo! Ndoo!" Alipochaguliwa akaandika barua kwa kamati ya skuli, akakusanya sahihi za darasa kwa darasa, na bomba limefungwa. Maji yanatoka, Ami. Mtoto wa kike wa nyumba yetu kayafanya hayo, na sisi badala ya kumpongeza tunamwambia ajiuzulu!

Marehemu Baba angekuwapo angetembea nalo hilo mji mzima. Wewe ndiye baba yetu sasa. Ulitubeba alipofariki, ukauza ng'ombe wako nikapata nauli ya kuja huku, na hilo silisahau mpaka naingia kaburini. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, sikumwandikia Mama wala sikumwambia Raya afanye kwa siri. Nataka atoke na radhi yako.

Wakati mwingine hukaa Mutrah jioni, kwenye ukuta wa baharini. Kiswahili unakisikia kila upande, wazee wa Unguja na Pemba waliohamia zamani na wajukuu wao, ukifumba macho utasema uko Darajani. Lakini harufu haipo. Msimu huu roho yangu iko uwanjani kwetu, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, Bi Time anawafukuza kuku, na mvua ikitisha kila mtu anakimbilia kukunja. Mkate wa mofa watu wa hapa hawaujui, na pweza wanampika bila nazi. Mwaka huu Mungu akipenda nitaomba likizo nije, nikae hata mwezi.

Mavuno vipi? Ile mikarafuu ya Babu kule Ole nimesikia Ami Hamadi anataka kuikodisha kwa watu wa nje. Mwambieni asifanye neno mpaka nije, shamba lile ni letu sote. Karafuu zikishakauka zipelekeni ZSTC, shirika la biashara la Serikali, msimuuzie mtu njiani kwa tamaa ya fedha za haraka.

Nimetuma laki tano kwa jina la Asha. Laki mbili ni za dawa za Mama na kwenda kupimwa Chake Chake. Laki na nusu ni za wachumaji. Laki na nusu iliyobaki ni ya Raya: vitabu vya historia na Kiswahili vya Form Five, na kitakachobaki anunue rangi na brashi. Za tuisheni ya kemia sijatuma, Ami, na naomba usinielewe vibaya. Siku ukiniambia Raya anataka tuisheni ya historia nitatuma siku hiyohiyo.

Mwalimu wa taaluma kamwambia kubadili kombi kunataka barua ya mlezi, na mlezi aende mwenyewe. Nakuomba uende Jumatatu, kabla hawajafunga orodha. Vaa kanzu ile niliyokuletea, na ukiwa hapo omba wakuonyeshe bomba.

Yule kijana wa Ole anarudi wiki ijayo. Nimempa kalamu za wino za Raya, pakiti mbili, na halua ya Mama, ya zafarani. Mtu akampokee Mkoani, asiachiwe azunguke nazo.

Nisalimie wote, wakubwa shikamoo, wadogo nawapenda.

Mwanao,
Suleiman