Mchanga ndio adui wa umeme wa mlimani

Mhariri,

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Ni hatua kubwa, ila liko Rufiji, mbali nasi. Bwawa la Nyumba ya Mungu, jirani yetu, lina megawati 8 tu. Mito ya Kilimanjaro isidharauliwe: lita 100 kwa sekunde zikiporomoka mita 50 hutoa kilowati 35 hivi.

Kinachoiua mitambo midogo ni mchanga, maana husaga mapanga yake. Kabla ya bomba la mteremko lijengwe tangi la kutuliza maji, liondolewe tope kila baada ya mvua kubwa. Masika, chujio la nondo lisafishwe kila siku. Likizibwa na majani ya migomba, hewa huingia bombani na nguvu hushuka ghafla.

Msomaji,
Moshi