Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: Ramani Iliyopauka Haina Maana Hakuna Saratani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Afya Duniani,
Geneva.

Mheshimiwa,

YAH: TAKWIMU ZA SARATANI YA UTUMBO MPANA NA PURU, NA JINSI ZINAVYOSOMWA

Tunakuandikia kuhusu ramani. Ni ile ya dunia inayotolewa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), chombo cha shirika lako chenye makao Lyon. Ukiifungua kwa saratani ya utumbo mpana na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, kabla ya njia ya haja), Ulaya, Australia, New Zealand na Amerika Kaskazini zimekolea rangi, na sehemu kubwa ya Afrika na Asia ya kusini imepauka. Katika makadirio ya mwaka 2022, Denmark, Norway na Hungary zina wagonjwa wapya zaidi ya 40 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, umri ukiwa umesawazishwa, yaani kana kwamba nchi zote zina mgawanyo uleule wa umri. Afrika Magharibi na Afrika ya Kati hazifiki 10. Mpanga bajeti wa nchi iliyopauka huitazama ramani hiyo, akashusha pumzi, akageukia mengine.

Sisi tunaoshinda na takwimu hizi tunasema anashusha pumzi mapema. Ndani ya rangi ile kuna vitu viwili vilivyochanganywa, ugonjwa wenyewe na uwezo wa kuuhesabu, na ramani haimwambii msomaji kipi ni kipi.

Tukiri kwanza kwamba tofauti ya kweli ipo, tena kubwa. Wajapani waliohamia Hawaii walionyesha jambo hilo zamani: ndani ya kizazi kimoja au viwili viwango vyao vilipanda hadi kufikia vya Wamarekani weupe, na jeni za watu hazibadiliki upesi hivyo. Japani yenyewe ikapita njia hiyohiyo baadaye. Miaka ya 1960 ilikuwa nchi ya viwango vya chini, leo iko kundi moja na nchi za juu. Uzito uliozidi, pombe, tumbaku, nyama iliyosindikwa, kukaa bila kutumia mwili na uhaba wa nyuzinyuzi vinajulikana kuchangia. Ila kuna jambo husahaulika hapa. Polipu, yaani kinundu kinachoota ndani ya utumbo, huchukua kwa kawaida miaka 10 au zaidi kugeuka saratani, kwa hiyo takwimu ya leo inaeleza maisha ya watu ya miaka mingi iliyopita. Nchi iliyobadili ulaji na kazi zake miaka 15 iliyopita bado haijaanza kulipa deni lake.

Sasa tazama vifo. Kwa ugonjwa mpya, nchi tajiri zina kiwango cha takriban mara nne ya nchi zenye kipato kidogo. Kwa vifo, pengo hilo linasinyaa sana. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa eneo lililopauka, akishaipata saratani hii, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa nayo. Kidunia makadirio ya 2022 yanataja wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 na vifo karibu 900,000. Kwa wagonjwa saratani hii ni ya tatu; kwa vifo ni ya pili.

Na hao wanaohesabiwa ni wale waliofika kwenye daftari la saratani, ambamo wagonjwa wa eneo huandikwa mmoja mmoja. Mfuate mgonjwa wa kawaida uone anavyopotea njiani. Anaona damu akienda haja kubwa. Anaambiwa ni bawasiri, anapewa dawa ya kupaka. Damu inarudi, safari hii inaitwa amiba, anaandikiwa metronidazo. Hakuna aliyevaa glavu, akapaka jeli na kuingiza kidole puruni, uchunguzi wa dakika mbili ambao ungegusa uvimbe mwingi ulioko chini. Miezi inapita, utumbo unaziba, anapasuliwa usiku kama dharura. Kinyama kilichokatwa kinatumbukizwa kwenye chupa yenye formalini kiduchu, ilhali kinahitaji ujazo wa angalau mara 10 ya ukubwa wake, basi kinafika maabara kimeoza katikati na hakisomeki. Au hakitumwi kabisa, kwa kuwa ndugu ndio wanaotakiwa kukilipia. Akifariki, cheti kinaandikwa “kuziba kwa utumbo”. Hiyo ni K56 katika orodha ya magonjwa ya ICD-10, na msajili wa saratani anayetafuta C18 hadi C20, namba za saratani ya utumbo mpana na puru, hatamwona mtu huyu milele. Hata anayeandikwa “saratani ya utumbo, sehemu haijulikani” huangukia C26 na kutoka nje ya hesabu.

Kila hatua hapo inapunguza kiwango cha nchi, na nchi inapongezwa kwa kuwa na kiwango kidogo.

Sehemu isiyo na daftari la saratani haiachwi tupu kwenye ramani. Inajazwa kwa makadirio, mara nyingi kutokana na viwango vya nchi jirani. Hatulaumu mbinu hiyo. Bila yake kusingekuwa na ramani. Tunalalamikia namba iliyohesabiwa mtu kwa mtu kupakwa rangi ileile na namba iliyokopwa kwa jirani. Wataalamu wa Lyon huziweka daraja za ubora kwenye maelezo ya mbinu, lakini ni waziri gani anayesoma maelezo ya mbinu?

Ubora wenyewe unapimika kwa vitu viwili ambavyo vingeweza kuandikwa pembeni ya kila namba. Cha kwanza ni asilimia ya wagonjwa waliothibitishwa kwa hadubini. Ikiwa chini mno, utambuzi ni wa kubahatisha. Ikikaribia 100 katika nchi yenye maabara chache, usishangilie: daftari hilo pengine linaokota majina maabara tu na kuwaacha wote ambao hawakukatwa kinyama. Cha pili ni asilimia ya wanaojulikana kwa cheti cha kifo pekee. Ikiwa kubwa, hospitali haziripoti. Ikiwa sifuri mahali ambapo vyeti vya vifo havikusanywi, sifuri hiyo haina maana yoyote.

Tuje kwenye umri, maana hapa ndipo makosa yanapofanywa hata na watu wenye nia njema.

Viwango vya kulinganisha nchi husawazishwa kwa “watu 100,000 wa kufikirika”, wanaoitwa idadi ya kawaida ya dunia ya Segi, mtafiti wa Japani, iliyorekebishwa na Doll wa Uingereza miaka ya 1960. Katika hao 100,000, watoto wa chini ya miaka mitano ni 12,000. Wa miaka 65 na kuendelea ni 7,000 tu: 3,000 wa 65 hadi 69, 2,000 wa 70 hadi 74, 1,000 wa 75 hadi 79, na 1,000 waliobaki wa 80 kwenda juu. Saratani hii ni ya wazee zaidi, kwa hiyo namba moja iliyosawazishwa inaupunguza uzito wao na inaweza kutulia kabisa huku vijana wakipanda na wazee wakishuka. Hilo ndilo lililotokea Marekani: kiwango cha jumla kinashuka tangu katikati ya miaka ya 1980, na chini yake kiwango cha walio chini ya miaka 50 kinapanda tangu miaka ya 1990. Waliozaliwa karibu na 1990 huko wana hatari ya saratani ya utumbo mpana mara mbili, na ya puru mara nne, ukiwalinganisha na waliozaliwa karibu na 1950 walipokuwa na umri uleule.

Kosa la upande wa pili ni la asilimia. Husikika mara kwa mara kwamba katika hospitali za nchi zenye vijana wengi, theluthi ya wagonjwa wako chini ya miaka 50, “kwa hiyo ugonjwa umehamia kwa vijana”. Chukua mfano wa kubuni. Maeneo mawili yana hatari ileile: wagonjwa 5 kwa kila watu 100,000 wa miaka 20 hadi 49, na 60 kwa kila 100,000 wa miaka 50 na zaidi. Eneo la kwanza lina watu 1,000,000 wa kundi la vijana na 200,000 la wazee. Litapata wagonjwa 50 vijana na 120 wazee, yaani vijana ni asilimia 29. Eneo la pili lina 600,000 kwa kila kundi. Litapata 30 na 360, vijana asilimia 8 hivi. Hakuna kijana wa eneo la kwanza aliye hatarini zaidi ya mwenzake. Kuhusu Marekani nako husemwa kwamba walio chini ya miaka 55 walitoka asilimia 11 ya wagonjwa mwaka 1995 hadi 20 mwaka 2019. Ni kweli, lakini asilimia hiyo imeinuliwa na mambo mawili kwa pamoja: vijana kupanda, na wazee kupungua kwa sababu polipu zao zinatolewa mapema.

Kupanda kwa vijana kwenyewe hatukubishii. Uchambuzi wa nchi na maeneo 50 uliotoka Desemba 2024 ulikuta ongezeko kwa watu wa miaka 25 hadi 49 katika 27 kati yake, kasi kubwa ikiwa New Zealand, Chile, Puerto Rico na England. Chanzo kinatafutwa. Mwaka 2025 jenomu (seti nzima ya vinasaba) 981 za uvimbe kutoka nchi 11, katika kazi ambayo IARC ilishiriki, zilionyesha makovu ya kolibaktini, sumu ya aina fulani za bakteria E. koli, mara 3.3 zaidi kwa waliogunduliwa kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliopita 70. Ni dalili nzuri ya kufuata; jibu bado. Wakati huo, angalau tusijidanganye kwa kuhesabu vibaya. Karsinoidi za kidole tumbo, uvimbe wa aina nyingine unaokua polepole, ambazo huonekana kwa vijana waliopasuliwa kidole tumbo, zikiingizwa kwenye C18 bila kutengwa huongeza “saratani ya vijana” ambayo si ile tunayoizungumzia. Ripoti nyingine huunganisha hata C21, yaani njia ya haja, ambayo sababu yake kubwa ni virusi vya HPV. Saratani mbili zenye visababishi tofauti haziwezi kutoa mwelekeo mmoja wenye maana.

Kuna pia kupanda kunakotokana na kazi nzuri. Uholanzi ilianza mwaka 2014 kuwatumia watu wa miaka 55 hadi 75 kipimo cha damu iliyojificha kwenye kinyesi. Wagonjwa wapya wakaongezeka ghafla, wakafikia kilele 2015, kisha wakaanza kupungua. Ugonjwa haukulipuka mwaka ule, ulivuliwa mapema. Denmark nayo ilianza 2014, hivyo nafasi yake juu ya orodha isisomwe kana kwamba ni aibu tupu.

Tunajua shinikizo lililopo sasa ni la kuzitaka nchi zote zianze uchunguzi wa namna hiyo, tena mapema zaidi: Marekani ilishusha umri hadi miaka 45 mwaka 2021, Australia ikafuata 2024. Kabla ya kuipa nchi ushauri huo, ipigiwe hesabu. Alika watu 100,000. Tuseme 60,000 wanarudisha kipimo na asilimia 5 wanakutwa na damu: hao 3,000 wanahitaji kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Chumba kimoja kinachofanya 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kitawamaliza kwa mwaka mmoja na nusu, bila kumgusa mgonjwa mwenye dalili. Na wenye dalili ndio wanaokufa foleni ikirefuka. Isitoshe, hemoglobini, sehemu ya damu ambayo kipimo huitafuta, huharibika kwa joto. Kipimo kilichokaa siku kadhaa kwenye kibanda cha posta chenye joto husoma “safi” huku damu ilikuwepo. Palipo na kichocho cha utumbo mambo hugeuka, damu inaonekana na saratani haipo. Kizingiti cha mikrogramu kinachotumika Ulaya kuamua kwamba damu imeonekana hakiwezi kuhamishwa hivihivi.

Tunachoomba, Mheshimiwa, kinafanyika bila kusubiri fedha nyingi.

Kila namba ya nchi kwenye ramani na majedwali ionyeshe kwa macho kama imehesabiwa au imekadiriwa, kwa mistari ya mshazari juu ya rangi ikibidi, si kwenye kiambatisho. Viwango vitolewe kwa kila kundi la miaka mitano kuanzia 20, na utumbo wa kulia, wa kushoto na puru vitenganishwe, karsinoidi zikikaa peke yake. Madaftari yaandike hatua ya ugonjwa hata kwa maneno matatu tu: umebaki mahali pake, umefika kwenye tezi, umesambaa. Bila hilo hakuna atakayejua kama wagonjwa wanafika mapema zaidi.

Na la mwisho. Shirika lako lina mpango wa kidunia kwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa saratani za watoto na kwa saratani ya matiti. Ule wa matiti una vigezo vinavyoshikika: angalau asilimia 60 wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60, asilimia 80 wamalize matibabu. Saratani hii, ya pili kwa kuua, haina mpango wa namna hiyo. Tunapendekeza kigezo cha kwanza kiwe kwa wenye dalili, maana hao wapo tayari na hawahitaji kualikwa: mtu yeyote anayetoka damu kwa haja kubwa apimwe kwa kidole siku ileile anayofika kituoni, na akiwa na dalili za hatari apate kolonoskopi na jibu la kinyama ndani ya siku 60. Idadi ya waliopimwa kwa kidole iandikwe kwenye ripoti ya mwezi ya kituo, safu moja tu ya ziada.

Wako katika kazi,
Watunza takwimu za saratani