Wifi kaniambia nilimnenepesha mwanangu tangu tumboni

Shikamoo Anti,

Saa tisa usiku hii, sijapata hata lepe la usingizi. Baba mtoto anakoroma hapa pembeni kana kwamba hakuna lililosemwa. Na kwake kweli hakuna, maana dada yake akisema chochote yeye husikia utani.

Ilikuwa Iddi, tupo kwao, sebule imejaa, pilau limeshapakuliwa. Binti yangu akanyoosha mkono achukue sambusa ya tatu. Ya tatu, Anti, si ya kumi, na wenzake walishakula nne na hakuna aliyewahesabia. Wifi akamdaka mkono, halafu akaniangalia mimi: "Huyu msimlaumu, mama yake alimnenepesha tangu tumboni." Watu wakacheka. Mama mkwe naye akacheka.

Mama mkwe! Uji wa ulezi wenye karanga na siagi nilikuwa naletewa na nani, saa nne asubuhi na saa kumi jioni? Nani alikuwa akisema kula mwanangu, mpo wawili hapo? Nikisema nimeshiba ananuna, eti namdharau, eti nataka kumzalia mjukuu mkubwa kama panya. Nilikuwa nakaa kwao, bakuli ningelisukuma kwa mkono upi? Nilikula. Na nisidanganye, hamu nilikuwa nayo, chapati za moto na soda baridi nilitafuta mwenyewe.

Kliniki nilianza na kilo 71, na mimi si mrefu, ni sentimita 160. Nikaenda kujifungua na 92. Kilo 21 hizo, zimeandikwa kwenye kadi mwezi hadi mwezi, na hakuna nesi aliyewahi kuniambia mama, punguza. Nilisifiwa mimba imenikubali. Mtoto akatoka kwa operesheni na kilo 4.2, nikasifiwa tena, picha ikatumwa ukoo mzima. Leo ana miaka sita na kilo 28, wenzake darasani wapo kwenye 20 hivi, na shuleni wanamwita Bonge.

Usidhani nimekaa tu. Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari wa watoto, nikamuuliza wazi: ni mimi? Akataka kwanza kujua kilo zangu za kabla ya mimba. Akasema mama aliyeanza na uzito uliozidi kama wangu hushauriwa aongeze kilo 7 hadi 11 na nusu mimba nzima, wenye uzito wa kawaida ndio wanafika hata 16. Akasema ni kweli, mama akiwa mnene tangu mwanzo, au akiongezeka kupita kiasi, mara nyingi mtoto huja kuwa na mafuta mengi mwilini. Na sukari ikimpanda mama inapita kwenye kondo, mtoto anaigeuza mafuta. Mimi yale maji ya sukari ya kupimia sikuwahi kunyweshwa, nilipimwa mkojo tu.

Lakini akasema pia kwamba uzito wa kabla ya mimba unachangia zaidi kuliko kilo za mimba yenyewe, na sehemu kubwa ya jambo hili ni damu na chungu kimoja cha nyumbani, na damu ni ya pande mbili. Pande mbili, Anti. Baba mtoto mkanda unapita chini ya tumbo. Huyo wifi mwenye mdomo akipanda bajaji abiria wa pili anasubiri nyingine. Mbona hakuna anayeuliza bibi yao alikula nini?

Nilimweleza mume wangu yote hayo. Akajibu, "Achana nao." Basi.

Wifi simchukii. Ila natamani nisimwone mpaka Iddi nyingine, na hiyo nayo nitaumwa. Kilichoniua ni kwamba mtoto alikuwepo. Usiku namvua gauni la sikukuu, lilikuwa limembana mpaka limeacha alama ubavuni, akaniuliza: "Mama, ulinifanya nini nilipokuwa tumboni?" Nikamwambia lala.

Sasa nina mimba nyingine. Wiki ya tisa. Hajui mtu, wewe ndiye wa kwanza. Tangu nijue nakula mara moja kwa siku, asubuhi chai kavu, jioni nabembeleza vijiko viwili vitatu mezani wasinishtukie. Napima kwa yule kijana wa mzani pale stendi. Nilianza na 79, juzi nilikuwa 76, nikafurahi kama mwehu. Kisha jana usiku nikasoma habari za Uholanzi, ile njaa ya 1944 kuingia 1945 Wajerumani walipozuia chakula. Wavulana ambao njaa iliwakuta tumboni miezi ya mwanzo, walipopimwa jeshini wakiwa na miaka 19, wanene walikuwa wengi zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Mama zao walikosa chakula! Najua chai yangu kavu si vita, lakini nishike lipi? Nikila nimemharibu, nisipokula nimemharibu.

Usinieleze habari za mboga za majani, nimeshaambiwa. Uji wa mtoto siku hizi hautiwi sukari, soda ni Ijumaa tu. Mimi nataka jibu la kumpa wifi. Hapana, la wifi niachie, nipe la mtoto. Na hii mimba, nimwambie baba yake lini? Nikimwambia leo, kesho mama mkwe yupo mlangoni na bakuli. Daktari alisema mwenye uzito wangu wa sasa aongeze 5 hadi 9 tu. Zinahesabiwa kuanzia 79 au kuanzia 76? Na hizi wiki nilizojinyima, nimeshamfanya kitu huyu wa tumboni?

Ukiitoa barua hii, badilisha kilo zangu, nakuomba. Wifi anasoma ukurasa wako, yeye ndiye aliyenionyesha.

Mama mtoto,
Dar es Salaam