Barua kwa sahibu yangu: nani anaukunja mnyororo?

Sahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, natumai nawe huna neno. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kalamu ikiwa mkononi. Umeuliza swali ambalo wengi hulipita: ikiwa protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na kani zinazoshika umbo lake ni dhaifu hivyo, mbona mnyororo haufumuki? Ukaniomba nikutajie moja tu, hiyo iliyo gundi. Sahibu, gundi ukiitafuta ndani ya mnyororo wenyewe utachoka bure. Tazama nje yake, kwenye maji.

Jana usiku nilikuwa nimenyoosha nywele kwa pasi, nikachukua shungi moja nikalidondoshea maji nione. Halikukawia kuanza kujisokota upya. Unywele ni protini, keratini. Joto la pasi lilikuwa limevunja bondi za haidrojeni, yaani mishiko midogo kati ya haidrojeni ya upande mmoja na oksijeni ya upande mwingine, na nywele zilipopoa zikafungika nyingine katika ule unyoofu. Molekuli za maji zilipoingia zikajipenyeza kati ya haidrojeni na oksijeni zilizoshikana, kila moja ikamwacha mwenzake ikashika maji. Zile bondi za salfa kwa salfa hazikuguswa. Hizo si za jamii ya kani dhaifu, ni bondi kamili za kikemia, na ndizo zilizourudisha mkunjo wa asili. Dawa ya kulainisha hufika mpaka huko, kwa hiyo nywele zilizotiwa dawa hata uzilowesheje hazirudi.

Sasa shikilia hapo hapo, kwamba maji ni mshindani. Bondi moja ya haidrojeni ina thamani ya kilojuli 20 hivi kwa moli (kipimo cha nishati ya kuivunja), na si haba. Lakini mnyororo uliokunjuka haukai mpweke. Maji yameuzunguka, na kila oksijeni yake imekwisha pata haidrojeni ya kushika. Ukijikunja, unauacha mkono wa maji na kuushika wa jirani, basi faida inayobaki ni kidogo sana. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema bondi za haidrojeni ndizo zinazokunja protini. Kazi yao naiona nyingine. Kipande kinachozama ndani, ambako maji hayafiki, kikiyaacha maji bila kupata mwenza mwingine, hasara yake ni kubwa. Kwa hiyo mnyororo lazima ujipange ili kila oksijeni na kila nitrojeni ya uti wake, yaani sehemu inayounganisha asidi amino moja na nyingine, ipate wa kushikana naye humo humo ndani. Namna za kufanya hivyo ni chache, na mbili zinazojulikana zaidi ni msokoto wa alfa, ambapo mnyororo huzunguka kama springi, na bapa za beta, ambapo vipande vyake hulala sambamba.

Msokoto wa alfa mkemia Linus Pauling aliuona akiwa kitandani Oxford, mwaka 1948, anaumwa mafua. Alichora mnyororo kwenye karatasi, kisha akaikunja karatasi mpaka oksijeni na haidrojeni zikaelekeana. Yeye na wenzake walichapisha kazi hiyo mwaka 1951. Kila mzunguko una asidi amino 3.6, na kila oksijeni inashikana na haidrojeni iliyo kwenye nitrojeni ya asidi amino ya nne mbele yake. Jaribu mwenyewe kwa ukanda wa karatasi. Hiyo 3.6 huwasumbua watu kwa sababu si namba kamili, ilhali mnyororo hauna sababu ya kutujali sisi na namba zetu.

Nani basi anaanza kusukuma? Asidi amino kama leusini, valini, fenilalanini na wenzao zina mikia ya aina ya mafuta, isiyo na chaji wala pa kushikana na maji. Wengi husema mikia hii inayaogopa maji. Mimi usemi huo siupendi, maana unampa mkia kazi isiyo yake. Maji ndiyo yanayopendana. Molekuli za maji zikizunguka mkia wa mafuta hulazimika kujipanga zisipoteze mishiko yao wenyewe kwa wenyewe, na kwa kujipanga hivyo zinapoteza uhuru wa kugeuka huku na huku. Mikia ikikusanyika pamoja, eneo la kuzungukwa linapungua, na maji yaliyokuwa yamebanwa yanaachiliwa. Mkemia Walter Kauzmann aliueleza msukumo huu mwaka 1959. Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni baridi: ziko protini zinazofumuka zikipozwa, kwa kuwa kwenye baridi msukumo huu hupungua. Kama gundi ingekuwa ndani ya mnyororo, baridi ingeikaza.

Mikia ikishabanana ndani, kani za Van der Waals, mvutano hafifu kati ya atomi jirani, nazo zinapata nafasi, kwa kuwa zinafanya kazi pale tu atomi zinapokaribia kugusana. Chaji chanya na hasi huvutana hapa na pale, hasa juu ya uso.

Sasa jumlisha. Upande mmoja kuna yote hayo, upande wa pili kuna uhuru ambao mnyororo wenyewe unaupoteza kwa kujikunja, nao ni mkubwa. Toa hiki kwenye kile: kwa protini nyingi ndogo zinabaki kilojuli 20 hadi 60 kwa moli. Ni sawa na bondi moja hadi tatu za haidrojeni, kwa mnyororo wenye mamia ya mishiko! Nilipoifahamu hesabu hii mara ya kwanza nilikaa kimya kitambo. Lakini mwanabiokemia Christian Anfinsen alikwisha onyesha kwamba inatosha. Alichukua protini iitwayo ribonyukliezi, yenye asidi amino 124, akaifumua kwa urea, kemikali inayokunjua protini, na kuzikata bondi zake nne za salfa. Salfa nane zinaweza kuungana jozi jozi kwa namna 105, na moja tu ndiyo ya asili. Alipoiondoa urea na kuziacha salfa ziungane tena, protini ilirudi katika umbo lake na kufanya kazi. Alipewa Nobeli mwaka 1972. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazobashiri maumbo, na waliozitengeneza walipata Nobeli mwaka 2024, lakini kulijua umbo la mnyororo si kujua kinachouvuta huko.

Na usiuone udhaifu huu kuwa kasoro. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, inabadili umbo kila inapopokea oksijeni na kila inapoiachia. Ingekuwa imefungwa kwa bondi ngumu isingeweza.

Ila msukumo huo huo wa maji haujui wapi pa kukoma. Mwaka 1957 mwanabiokemia Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja katika mnyororo wake mmoja uitwao wa beta, wenye asidi amino 146: nafasi ya sita, penye asidi amino glutamati yenye chaji hasi, pamekaa valini. Mkia mmoja wa mafuta umebaki nje, juu ya uso. Himoglobini ikiachia oksijeni, kishimo cha molekuli jirani kinakuwa wazi, valini inaingia humo kuyakwepa maji, na jirani naye ananasa mwingine, mpaka nyuzi zinajaa ndani ya seli na kuipinda.

Ukisha kunja karatasi yako, niandikie ulihesabu nini kwa kila mzunguko.

Wako akupendaye,
Sahibu yako