Mama alete karatasi gani tena?

Mhariri,

Wiki iliyopita nilimpeleka mama kwa ofisi moja ya serikali kuulizia fidia ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ofisi sitaitaja maana bado tunawahitaji hao watu, akiwa na mfuko wake wa nailoni. Najua mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya 2017 lakini huo wa mama nani atamshika, umekaa chini ya kitanda tangu 2008 na ndani yake ndio kuna kesi yake yote: kadi ya Red Cross ya pale showground Nakuru, picha ya ukuta mmoja uliobaki nyumba ilipochomwa, na fotokopi ya P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, imefifia hadi muhuri umebaki kivuli tu. Kijana wa kwa dawati akaichukua akaiinua kwa mwanga wa dirisha, akaigeuza, akasema hii haisomeki, leteni orijino na namba ya OB, yaani ya kile kitabu cha matukio cha polisi. Mama akamwuliza pole pole, "Mwanangu, wale waliochoma ningewaomba risiti?" Kijana akacheka kidogo, nafikiri ni aibu, akaita mwingine kwa laini.

Sina ubaya na yeye, pengine 2008 alikuwa darasa la pili. Ubaya wangu ni na huu mtindo wa kumwambia mtu aliyepoteza kila kitu alete ushahidi wakati kitabu cha OB kinakaa kwa polisi, hakikai kwa mama. Kama kimepotea, kimepotelea mikononi mwa nani? Na wale walioumizwa na polisi wenyewe ndio hata sijui wanafanyaje, yaani urudi kwa kituo kile kile umwombe aliyekupiga aandike kwamba alikupiga.

Halafu chenye kinaniuma zaidi ni kwamba mama alishasema haya yote. TJRC, ile Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ilipozunguka alienda akaketi akasimulia wakaandika, akarudi nyumbani akalala siku mbili hataki kuongea na mtu. Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchi nzima, kuanzia mambo ya zamani, mauaji ya Wagalla kule Wajir 1984, vyumba vya mateso vya Nyayo House, mpaka haya yetu ya baada ya uchaguzi wa 2007 ambayo tume ya Jaji Waki iliyoyachunguza ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Ripoti ikakabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013 na bunge halikuipitisha. Machi 2015 rais akasimama bungeni akaomba msamaha kwa niaba ya serikali na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa miaka 3, mama alisikiliza kwa redio akapiga makofi peke yake jikoni, na mpaka wa leo hajaona hata ndururu.

Kuna wenye watasema si IDP, wakimbizi wa ndani, walilipwa. Ndio, kuna waliopewa 10,000 za kuanzia maisha, kuna waliopewa 25,000 za nyumba, kuna waliopata mashamba. Sisi tulitoka showground baada ya wiki mbili tukaenda kwa mama mdogo, tukawa tunalala watoto 7 chumba kimoja, na kwa sababu hatukungoja kambini tukaambiwa hatuko kwa list.

Nendeni kortini basi. Watu 8 walionusurika ubakaji wa wakati huo walienda, kesi ikafunguliwa 2013 na hukumu ikatoka Desemba 2020, wanne wakapewa milioni 4 kila mmoja na wanne wakatoka mikono mitupu. Hao walikuwa na mawakili na mashirika nyuma yao. Mama ana mfuko wa nailoni.

Juni 2013, wiki chache tu baada ya ripoti ya TJRC kutoka, Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, pauni milioni 19.9, na sisi wote tukashangilia. Wale wazee hawakuwa na P3. Kitu kilichowasaidia sana ni mafaili ya serikali ya mkoloni yenyewe, yalikuwa yamefichwa mahali panaitwa Hanslope Park huko kwao mpaka yakajulikana 2011. Mkoloni na ubaya wake wote aliandika, akaweka, na mwisho karatasi zake zikamshtaki. Sasa hizi zetu 40,000 si tayari ziko mikononi mwa serikali? Kwa nini asitoke mtu mmoja tu afungue kabati, atafute jina la mama, badala ya kumrudisha kwa kituo kutafuta OB ya miaka hiyo yote?

Nimewarahisishia kazi. Namba ya taarifa yake mama aliiandika nyuma ya kadi ya Red Cross kwa kalamu nyekundu, na hiyo bado inasomeka vizuri.

Msomaji wenu,
Nakuru