Kabla hamjapanda ndege kwenda Lubumbashi

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ulisema rafiki yako wa nyumba ya mwami, mfalme wetu wa jadi, amekuapisha usiseme. Mambo ya kwa mwami yatunze: nani hasemi na nani, ng'ombe wa nani, kiti kitamwendea nani. Hayo yabaki tumboni mwako. Lakini kutapika kila akimaliza kula si siri ya ukoo. Ni ugonjwa, unaitwa bulimia, nao unaua kimyakimya.

Mtalala chumba kimoja, kwa hiyo sikia vizuri. Kutapika kunamaliza madini ya potasiamu mwilini, na ikishuka sana moyo unapiga ovyo, hata kusimama. Usitulie kwa kuwa ana mwili: wengi wenye ugonjwa huu uzito wao ni wa kawaida, ndiyo maana nyumba nzima haioni kitu. Angalia mashavu yanayovimba karibu na masikio, makovu kwenye vifundo vya vidole, meno yanayolika, dawa za kujiharisha makusudi mkobani. Akizimia, misuli ikimkaza, moyo ukimwenda mbio au akitapika damu, usingoje kuche wala usimwombe ruhusa. Mpeleke hospitali, apimwe potasiamu na umeme wa moyo. Sema kutapika wazi, maana akijieleza kwamba amechoka tu, atarudishwa na vidonge vya malaria.

Siku nyingine zote mle pamoja mara tatu, na kitu kidogo katikati. Njaa ndefu ndiyo inamfanya ale kupita kiasi, kisha atapike. Baada ya bugali kaa naye saa nzima, mpige stori za masomo. Ikimshinda akatapika, asipige mswaki papo hapo, asidi imeshalainisha meno. Asukutue kwa glasi ya maji yenye kijiko kidogo cha bikabonati ya soda, mswaki ungoje saa moja. Usimhesabie matonge. Usimsifie kupungua, hata kama hapa kwetu kuna mtu mzima alimsifia hivyo mbele ya wageni. Neno lile halikufaa. Mwambie limerudishwa.

Anaogopa cheo. Mwambie Diana wa Uingereza aliusema ugonjwa huu kwa kinywa chake kwenye televisheni, Novemba 1995. Victoria, binti mfalme wa Uswidi, ikulu yenyewe ilitangaza mwaka 1997 kwamba kula kunamsumbua. Mwaka uliofuata akaenda kusoma Marekani, na leo bado ndiye mrithi wa kiti.

Nafurahi kwamba katika wasichana wote wanaomzunguka, alikuona wewe. Lakini umenificha miezi minne, mama, na mimi mamako muuguzi nimo humu humu ndani! Pengine muuguzi anafoka kabla ya kusikiliza. Tuyaache.

Huwezi kuubeba mzigo huu peke yako. Mtu mzima mmoja lazima ajue, na amchague yeye mwenyewe: shangazi yake, mama yake, au mimi. Mpe wiki moja.

Sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, nimezifunga kilo mbili, mzitoe kwenye mfuko mkifika zisivunde. Vitenge ni viwili, cha bluu ni chake. Bati la jikoni bado linavuja, kaka yako anasema Jumamosi, kama kila Jumamosi. Makala ya kupikia yamepanda bei tena pale sokoni Kadutu, kwa hiyo maharagwe tunayaloweka usiku kucha.

Ukitua nipigie, hata usiku wa manane. Na uniambie amemchagua nani.

Mama yako